Kisu cha gurudumu, mkeka na rula: nimeshonea mfarishi wa ndege wa ziwani

Habari zenu wapendwa, mafundi wenzangu na ninyi mnaojifunza. Karibuni tena chumbani kwangu kwa cherehani, hapa Igoma, Mwanza. Leo sina gauni la kuwaonyesha. Nina mfarishi. Subirini niuinue, kamera iupate wote.

Haya, mmeuona? Wengine mnaita blanketi la viraka, ni sawa. Hao ni ndege 24, kila mmoja na kiraka chake, na wote ni wa huku kwetu ziwani. Huyu mweupe mwenye shingo ndefu ni yangeyange. Mweusi aliyekausha mabawa ni mnandi. Wa njano ni kwera dume, wale wanaoning'iniza viota kwenye mafunjo. Huyu wa juu mwenye kichwa cheupe na tumbo la hudhurungi ni furukombe. Na hawa wawili wanaotazamana katikati ni mdiria. Hao nitawarudia, maana ndio walionitoa jasho.

Vifaa nilivyotumia ndivyo hivi mezani: kisu cha gurudumu, yaani chenye wembe wa duara unaozunguka, mkeka wa kukatia unaolazwa chini ya kitambaa, na rula ya plastiki ngumu. Seti nzima nilinunua shilingi elfu 48 mjini. Nimeitumia miezi miwili, kwa hiyo nasema nilichokiona kwa mikono yangu.

Nianze na rula, kwa sababu kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua rula. Najua mtashangaa, kila mtu anakimbilia kisu. Lakini sikilizeni hesabu hii. Kitanda cha futi 4 kwa 6 ni inchi 48 kwa 72. Kiraka kikiwa cha inchi 12 baada ya kushonwa, unapata viraka 4 kwa upana na 6 kwa urefu, na ndiyo hao ndege 24. Kiraka unakikata inchi 12 na nusu, mshono unakula robo inchi kila upande. Sasa sisi mafundi wa nguo tumezoea kuacha mshono mpana, mteja akinenepa tunaufungulia. Kwenye mfarishi mazoea hayo yanakuponza. Ukizidisha mshono kwa sehemu moja tu ya nane ya inchi kila upande, kila kiraka kinapungukiwa robo inchi, na mstari wa viraka 6 unapungukiwa inchi moja na nusu. Mstari wa jirani uko sawa, wako umepungua, hazikutani, na hakuna pasi itakayozivuta zikutane. Tazameni nilivyofanya: nimebandika utepe wa karatasi hapa kwenye bati la cherehani, robo inchi kamili kutoka kwenye sindano. Kitambaa kinafuata utepe, mguu unakanyaga polepole. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na kwa kazi hii naipenda kuliko ya umeme.

Rula hii ina mistari ya kila robo inchi, na ina mstari wa mshazari. Huo mshazari ndio unaozaa ndege. Bawa lote hili ni miraba iliyogawanywa pembetatu mbili. Unachukua mraba wa inchi 4 wa bluu na wa inchi 4 mweupe, unaviweka uso kwa uso, unachora mstari kona kwa kona, unashona robo inchi upande huu na robo inchi upande ule, halafu unakata katikati ya mstari. Ukifungua, una miraba miwili yenye rangi mbili. Inakuwa mikubwa kidogo, basi unalaza mshazari wa rula juu ya mshono na kupunguza hadi inchi 3 na nusu. Hapo ndipo ncha za bawa zinapokuwa kali. Kwa mkasi na futi ya kupimia mwili niliwahi kujaribu mwaka juzi, ncha zikawa butu zote.

Kisu sasa. Visu vya aina hii vilianzia Japani mwaka 1979, kampuni ya Olfa ndiyo iliyovitoa. Changu ni cha milimita 45. Kwenye kitenge tabaka 4 kinapita mara moja, hakirudii. Nikaweka tabaka 6, kikaacha nyuzi katikati, ikabidi nimalizie kwa mkasi. Kwa khanga, ambayo ni nyembamba, 6 zinakwenda vizuri. Usikipitishe juu ya pini hata mara moja, wembe utapata pengo na kila unapokata utaona uzi mmoja umebaki mahali pale pale. Na tafadhali, dada zangu wenye watoto wadogo: kila ukikiweka mezani, funga wembe. Sukuma kwenda mbele, usivute kuja tumboni.

Mkeka ndio ulionisikitisha. Wakati mpya ulikuwa mzuri, alama za wembe hazionekani. Lakini niliuacha barazani jua la saa nane, nikaukuta umejikunja kama jani la mgomba. Haukurudi. Pasi ya moto pia usiiweke juu yake. Ukishajikunja, rula hailali, na rula isipolala vipimo vyote ni bure. Kwa hiyo mkeka uwe ndani, umelazwa, siyo umeegemezwa ukutani.

Turudi kwa mdiria. Asubuhi mbili nilikwenda kukaa karibu na kivuko cha Kamanga, nikawa natazama tu. Anasimama hewani, mabawa yanapiga haraka haraka, lakini kichwa hakitikisiki kabisa, macho yako chini kwa dagaa. Nikarudi nyumbani nikajua namna ya kumkata. Kichwa nilikikata kufuata nyuzi zilizonyooka, kisivutike. Mabawa nikayaacha yawe na mkato wa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi, ambao unavutika kidogo, na kweli yana uhai fulani, yaangalieni. Ila pembetatu ya hanamu usiisugue kwa pasi. Ibonyeze na kuinua, ibonyeze na kuinua.

Mwangalieni vizuri: huyu wa kushoto ana mikanda miwili myeusi kifuani, ni dume. Jike ana mmoja, tena umekatika katikati. Mdomo mrefu ni kitambaa cheusi nilichokikunja na kukibana ndani ya mshono wa kichwa kabla sijaufunga, ndiyo maana umechomoza. Macho nimedarizi kwa uzi. Sikuweka vifungo, mtoto atavinyofoa.

Na wanatazamana kwa kitenge kile kile! Kitenge kizuri cha nta kimechapwa pande zote mbili, nyuma sawa na mbele. Unakata umbo moja, unaligeuza, ndege anageukia upande wa pili. Kile cha bei ya chini kilichochapwa upande mmoja hakikupi nafasi hiyo. Kabla hujalipa dukani, geuza kitambaa utazame nyuma.

Ndani sikuweka sponji. Nimeweka blanketi jepesi kuukuu lililofuliwa sana, limekwisha kurudi lote, yaani kunywea, halitarudi tena. Blanketi zito linasukumwa na mguu wa cherehani, juu kunakusanyika mikunjo. Tabaka tatu, yaani viraka juu, blanketi katikati na kitambaa cha chini, nikazishika kwa vifundo vya uzi wa pamba kila baada ya inchi 4, kwa mkono. Ilinichukua jioni tano, na sijutii hata moja.

Kwa hiyo: rula ndiyo, bila kusita. Kisu ndiyo, ukiwa na viraka vingi kama hivi, na uulizie wembe wa akiba unapatikana wapi kabla hujanunua. Mkeka chukua mkubwa kuliko huu. Huu ni mdogo kwa kiraka cha inchi 12, nilikuwa nasogeza kitambaa kila mara na kupima upya.

Kilichobaki ni upindo wa kuning'inia pembeni mwa kitanda. Nimechagua pindo la khanga hii nyekundu. Lakini tazameni beseni hili, nimeiloweka tangu asubuhi na maji bado ni mekundu. Ningeishona jana, yangeyange wangu wote wangekuwa wa waridi. Ngoja nimwage, nibadilishe maji mengine.