Apatimenti ya fenicha Area D, Dodoma, miezi mitatu niliyokaa

Nilishuka Dodoma na treni ya SGR nikiwa na begi moja tu, so kukuta chumba na sebule vina kila kitu, kitanda, friji, jiko la gesi mpaka mwiko na chujio la chai, aisee nilishukuru sana. Mtaa umetulia, jioni unatembea bila wasiwasi.

Shida ni maji jamani. Wiki ya pili yalikata siku 3, tanki lipo ila ni moja kwa wapangaji wote, likaisha, nikawa nanunua madumu kwa vijana wa mkokoteni na mwenye nyumba nikimpigia ananiambia "vumilia dada, ni mgao". Kodi nimelipa kamili ya miezi 3 na dalali kachukua yake ya mwezi mzima, halafu naoga kikombe! Iliniuma.

Na mwezi wa 7 upepo wa huku si mchezo, dirisha la sebuleni halifungi vizuri, kochi la krimu likawa jekundu kwa vumbi. Ila blanketi waliweka zito, usiku nililala vizuri.

Ukienda kuangalia fungua bomba kwanza, na uliza kama mita ya umeme ya LUKU ni yako peke yako.