Hut na hat: kibanda au kofia?

Mgeni amefika Horombo, juu ya Mlima Kilimanjaro, amechoka. Mwongoza watalii anamwambia "leave it in the hut", naye anasikia "hat" na kushika kofia yake. Hut ni kibanda cha kulala, kama Mandara, Horombo na Kibo kwenye njia ya Marangu. Hat ni kofia. Kiswahili kina a moja tu, ndiyo maana wengi wetu Moshi tunayatamka maneno haya sawasawa.

Hut haina shida. A yetu inatosha, mradi uikate fupi: taya lishuke kidogo, midomo isitanuke, ulimi utulie katikati ya kinywa. Ukiivuta, Mwingereza atasikia heart, yaani moyo, na pale Kibo, zaidi ya mita 4,700, habari za moyo zinashtua.

Kazi iko kwenye hat. Anza na a, kisha sogeza ulimi mbele, ncha yake iguse meno ya chini, na utanue pembe za mdomo. Sauti itoke kati ya a na e, hasa ukiongea na Mmarekani. Wengine hupitiliza hadi "het", wengine huongeza i mwishoni ikawa "hati", ambayo kwetu ni ya kiwanja! Ishia kwenye t.

Upepo ukivuma, usitegemee irabu peke yake. Ongeza neno: mountain hut, sun hat.