Nimefunga gesi kwenye IST: bei nyota tano, ufundi nyota mbili

Naoka keki nyumbani Tabata na kuzipeleka kwa wateja mwenyewe, kilomita kama 70 kwa siku. Mwezi wa tatu niliipeleka IST yangu gereji moja ya hapa Dar (jina silitaji, mtaona kwa nini) ifungwe mfumo wa gesi asilia. Milioni moja na laki nane, siku mbili, mtungi wa kilo 11 ndani ya buti. Buti ndiyo limekwisha hapo. Keki ya ngazi tatu sasa inakaa kiti cha nyuma, imefungwa mkanda kama bi harusi.

Kwa upande wa mfuko sina neno. Petroli ilikuwa inakwenda lita sita kwa siku, karibu 18,000. Gesi natumia kilo nne, na kwa 1,550 kila kilo haifiki hata 6,500. Gari linawaka kwa petroli, injini ikishapata moto linahamia gesi lenyewe. Kupanda Kimara linalegea kidogo. Dhambi kubwa ni foleni ya kujaza: siku moja nilikaa saa mbili katikati ya bajaji huku krimu ya keki ya watu ikiporomoka.

Ila nimeandika haya kwa sababu ya neno moja la fundi. "Dada, gesi haichafui hewa kabisa." Nikaamini, nikaweka hadi status ya WhatsApp.

Baadaye nikakaa na daftari langu la oda. Lita ya petroli ikiungua hutoa hewa ya ukaa kama kilo 2.3 (usishangae lita moja kuzaa kilo mbili na zaidi, kaboni inabeba na oksijeni ya hewani). Kilo ya gesi hutoa kama 2.7, ila inakufikisha mbali zaidi. Kwa siku yangu, petroli ni karibu kilo 14, gesi kama 11. Nimepunguza kama moja ya tano. Si haba, lakini hiyo "kabisa" ya fundi iko wapi?

Wiki ya saba buti likaanza kunuka yai viza. Nikarudi gereji. Fundi akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba, kimoja kikaanza kutoa mapovu kama uji unaochemka. Nati haikukazwa sawasawa! Akaikaza dakika mbili, akacheka, pole hakusema.

Mimi sikucheka. Gesi yetu ya Songo Songo karibu yote ni methani, na methani ikitoka bila kuungua hupasha joto dunia kama mara 28 ya hewa ya ukaa kwa hesabu ya miaka 100. Ukihesabu miaka 20 ni zaidi ya mara 80. Maana yake gramu 100 tu zikivuja kwa siku, zile kilo tatu nilizojisifia zimeliwa karibu zote. Nilivujisha kiasi gani sijui, ila buti lilinuka siku nne.

Mdogo wangu anaendesha bajaji ya umeme. Kwa hewa amenishinda, nakubali. Umeme wa gridi una ule wa mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo ndani yake, lakini tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha, lenye uwezo wa megawati 2,115, maji yamechukua nafasi kubwa. Tena mota haipotezi joto ovyo kama injini yangu. Shida yake ni moja: kila jioni yuko mlangoni kwangu, waya mkononi, anaomba soketi. Luku nanunua mimi.

Je, ningefunga tena? Ningefunga, kwa sababu ya ile 18,000. Kwa mazingira naipa nyota tatu, na hizo ni kama viungo havivuji. Ukienda, usilipe mpaka fundi apake povu kila kiungo ukiwa umesimama hapo, gesi ikiwa imefunguliwa. Mimi sasa nina sifongo na chupa ya sabuni ya vyombo kwenye mfuko wa mlango, kila Jumapili nafungua buti napaka. Jumapili iliyopita palikuwa pakavu.