Kuzirudia Zilipendwa: Ununue Nini Kwanza, Nini Baadaye

Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970 zilikatwa katikati. Santuri ndogo ya inchi 7, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, upande wake mmoja hubeba dakika nne, ikizidi sana tano, na bendi zetu hazikuwa na haraka hiyo. Basi upande wa A ukaandikwa Sehemu ya 1, mashairi yakaimbwa humo, na upande wa B ukaandikwa Sehemu ya 2. Huko ndiko kwenye chemko: gitaa la solo linaachiwa njia, ridhimu na besi zinakaza mwendo, tarumbeta na saksafoni zinajibizana. Nyumbani kwetu baba mdogo alikuwa akinyanyuka kila baada ya muda kuigeuza sahani, na sisi watoto tulikatazwa hata kutembea kwa kishindo mpaka amalize, maana sindano ingeruka.

Siku hizi nikiusikia wimbo wa namna hiyo redioni au kwenye simu ya mtu, mara nyingi nasikia Sehemu ya 1 tu. Unafifia pale pale ambapo baba mdogo alikuwa akiinuka kitini. Kwa hiyo nimezipanga njia za kununua zilipendwa kwa kipimo kimoja: je, utaupata wimbo mzima, na kwa sauti inayostahili? Bei nimeiweka nyuma ya hapo. Mimi ni mkazi wa Arusha, na santuri zangu nyingi nimezinunua Nairobi.

1. Santuri ya 45 uliyoisikiliza kabla ya kulipa

Hii ndiyo ya kwanza, na sina shaka nayo. Wimbo ulitengenezwa kwa ajili ya sahani hii, na sehemu zake zote mbili zimo.

Wengi huuliza kwa nini muziki wa Tanzania utafutwe Kenya. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na studio na ilirekodi bendi kwa wingi, lakini ilirekodi kwenye tepu kwa ajili ya kurusha hewani. Kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho. Viwanda vilikuwa Nairobi, na bendi iliyotaka santuri iliifuata huko. Ndiyo maana utakuta NUTA Jazz au Morogoro Jazz kwenye sahani zilizofyatuliwa Kenya, zenye lebo kama Polydor na Philips. Kwa taarabu ya Mombasa, tafuta lebo ya Mzuri ya Assanand & Sons.

Kuna jambo hapa litakalokuokolea pesa na miaka ya kutafuta. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa tena hadi 1983. Bendi za Tanzania zilizowaka miaka hiyo zina nyimbo nyingi zilizobaki kwenye tepu za redio tu, hazikuwahi kuwa santuri. Kabla hujaanza kuwasumbua wauzaji, hakikisha kwanza kwamba sahani unayoiota iliwahi kufyatuliwa. Tovuti ya Discogs husaidia sana. Andika jina la bendi, utaona santuri zake zilizoorodheshwa, namba zake, na hata bei zilizowahi kuuzwa. Kutokuwamo si ushahidi wa mwisho, kwa sababu mambo yetu mengi bado hayajaingizwa, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Jijini Nairobi nenda Kenyatta Market, kwenye kibanda cha James Rugami kiitwacho Real Vinyl Guru, halafu duka la Melodica, Tom Mboya Street. Faida ya mahali pa namna hii ni kwamba kuna mashine, unasikilizishwa. Muuzaji asiyekuruhusu kusikiliza akupunguzie bei au mwachie sahani yake.

Ukiishika sahani, ielekeze kwenye mwanga wa dirisha na uizungushe taratibu. Mkwaruzo unaoonekana lakini ukiupitisha ukucha haukwami, mara nyingi hutausikia, au utausikia kidogo tu. Ule unaokwamisha ukucha utagonga kila mzunguko. Kibaya zaidi kuliko mikwaruzo ni ukijivu. Sahani ambayo mifereji yake imepoteza weusi wake na kugeuka majivu imelimwa na sindano butu, na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Tazama pia kuzunguka tundu la katikati: vijistari vingi kwenye karatasi ya lebo ni alama za mtu aliyekuwa akilitafuta tundu gizani baa, usiku baada ya usiku. Mwisho iweke usawa wa jicho uone kama imepinda.

Halafu sikiliza pande zote mbili, na anza na B. Katika santuri nilizonazo, A ndio uliochoka mara nyingi, B umebaki na uhai. Nimewahi kununua sahani ambayo upande wake wa A ni kelele tupu, kwa sababu ya upande wa pili peke yake, na sijajuta.

Ukinunua kutoka mbali utakutana na herufi za madaraja, kuanzia mpya kabisa kushuka chini: M, NM, VG+, VG, G. Kwa santuri za Afrika Mashariki, VG+ ni bahati kubwa na VG ni ya kununua bila wasiwasi. G isikudanganye. Kwa Kiingereza ni herufi ya neno Good, yaani nzuri, lakini kwa wauzaji wa santuri maana yake sahani imechoka.

Kuhusu usafirishaji, nina maumivu yangu. Niliwahi kuagiza santuri kumi na moja kwa basi kutoka Nairobi, zikawekwa buti upande wa injini. Zilifika Arusha zimekunjika kingo kama chapati iliyoachwa juani. Tangu siku hiyo nazibeba mwenyewe mkononi, zimesimama wima katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu.

Mashine ya kuzipigia

Mashine nimeiweka hapa kwa sababu uamuzi wa namba moja hauna maana bila hiyo. Chaguo langu kwa mtu anayeanza ni mashine mpya ya kawaida kama Audio-Technica AT-LP60X. Inapiga 33, ambayo ni kasi ya LP, zile santuri kubwa za nyimbo nyingi, na 45, ina prampu (kikuza sauti cha sindano) yake ndani, unaichomeka moja kwa moja kwenye redio au amplifaya yoyote yenye AUX. Mwenye uwezo zaidi aende kwenye AT-LP120X, ambayo unaweza kurekebisha uzito wa mkono na inapiga pia 78, kasi ya sahani kongwe.

Nafasi ya pili ni mashine ya zamani iliyotunzwa, Philips, Dual, Garrard, Technics, mradi sindano yake bado inauzwa. Uliza sindano kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Kwa hizi za mitumba, tazama kibandiko cha umeme nyuma. Zinazotoka Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120. Transfoma itatatua volti, lakini kuna kitu transfoma haitatui. Mashine nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme. Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, kwetu mara 50. Mashine ya namna hiyo itazunguka polepole kwa moja ya sita, na mwimbaji wako atasikika kama mgonjwa. Kwa Japani inategemea ilikotoka, kwa kuwa mashariki ya nchi hiyo wanatumia 50 na magharibi 60. Zile zinazotoka Ulaya au Ghuba nyingi zina volti zinazotufaa na zimetengenezwa kwa 50, ila kibandiko kisome hata hivyo.

Zile za rangirangi zenye umbo la sanduku la mkononi nimeziweka mwisho. Ni nyepesi na zinapendeza kwa macho, lakini nyingi hukandamiza sahani kwa gramu tano hivi, wakati mashine nzuri hutumia kama mbili. Spika nazo zimo humohumo zinatikisa sindano. Sahani iliyokaa miaka hamsini ikakufikia ikiwa hai haistahili kuumizwa hivyo.

2. CD na LP zilizotolewa upya

Mtu asiye na mashine wala mpango wa kununua mashine aanzie hapa, asione haya. Kwa nyimbo za Tanzania zilizobaki kwenye tepu, hii ndiyo njia bora iliyopo.

Mkusanyo ninaoutanguliza ni Zanzibara, mfululizo wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa. Juzuu ya 2 ni taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Ya 3 ni dansi la Tanzania la miaka ya 1960. Ya 5 ni Dar es Salaam ya 1978 hadi 83, yaani miaka ileile mpaka ulipokuwa umefungwa na santuri zimeadimika. Ukiwa na pesa ya moja tu, chukua ya 5. Soma na kijitabu chake, umebebewa historia ambayo huku hatukuiandika vya kutosha. Kwa upande wa Kenya kuna Kenya Special ya kampuni ya Soundway, iliyotoka 2013, na mwaka 2016 kampuni ya Sterns walitoa Urgent Jumping ya dansi la nchi zote mbili.

Matoleo mengine ya namna hii huunganisha Sehemu ya 1 na ya 2 ukasikiliza bila kuinuka. Kwangu kuna kitu kidogo kinapotea hapo, kile kimya cha kugeuza sahani, lakini nakubali kwamba wanamuziki wenyewe hawakukikusudia. Tahadhari ni moja: pale tepu za awali zilipopotea, toleo jipya hunakiliwa kutoka kwenye santuri ileile kuukuu. Likiwa kwenye LP nzito na ghali, unalipia mikwaruzo ya sahani ya mtu mwingine. Sikiliza kionjo mtandaoni kwanza.

3. LP za mkusanyo za wakati ule

Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa, alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, Polydor walizikusanya nyimbo zake kwenye LP zilizoitwa Ukumbusho, juzuu baada ya juzuu. Kwa anayempenda Mbaraka hii ni hazina, na bado zinapatikana Nairobi kwa subira. LP hukaa vizuri kuliko 45 kwa sababu mara nyingi ilikuwa ya sebuleni, haikufanyishwa kazi ya baa.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya kipimo changu. Kwenye LP za mkusanyo, wimbo huweza kuwa umepunguzwa ili zienee nyingi. Weka sindano karibu na mwisho wa wimbo unaoujua. Ukififia gitaa ndipo linaanza kupanda, umepewa nusu.

4. Sahani za 78

Hizi ni za mwenye moyo wa taarabu kongwe. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, na sahani za enzi hiyo ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu, si za plastiki. Zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo. Zinahitaji mashine yenye kasi ya 78 na sindano yake pana ya peke yake. Ile ya 45 itazama chini ya mfereji na kukupa mchakacho. Kamwe usizisafishe kwa spiriti wala kitu chochote chenye alkoholi, kwa kuwa shelaki huyeyuka humo. Ukirithi, zitunze. Kununua kama mwanzo wa safari, hapana.

5. Kanda

Kanda zilitulea wengi miaka ya 1980 na 90, na zina kitu kimoja ambacho santuri hazina: watu walirekodi kutoka redioni, pamoja na sauti ya mtangazaji na salamu. Kanda ya namna hiyo inaweza kuwa na wimbo wa studio za Redio Tanzania usiopatikana kwingine kokote. Ukikutana nayo nunua, ipeleke ikanakiliwe siku hiyohiyo, usiipige mara kwa mara. Kanda za dukani, nakala ya nakala, ziache.

6. Flashi yenye nyimbo mia tano

Bei yake ni ya soda chache na inauzwa kila stendi. Majina ya nyimbo yamekosewa, bendi zimechanganywa, sauti imebanwa mpaka besi haipo, na karibu kila wimbo mrefu umekatwa kwenye mwisho wa Sehemu ya 1. Wanamuziki, na wengi walifariki bila kitu, hawapati hata senti. Mimi ninayo moja ndani ya gari na naitumia kwa kazi moja: nikisikia kitu kilichonisahaulika, naandika jina la bendi, halafu nakwenda kuitafuta sahani.

Ukishaileta sahani nyumbani, ioshe kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri, si asidi yake, na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, na lebo usiiloweshe. Kwenye lebo mara nyingi pameandikwa kwa kalamu jina la mwenyewe wa kwanza, au kuna muhuri wa baa. Wauzaji wa Ulaya huhesabu hiyo kuwa dosari na kushusha daraja, nawe utumie hilo kupata bei nzuri. Mimi ninayo moja ambayo mtu alichora mshale mwekundu upande wa Sehemu ya 2. Huwa naanza na upande huo.