Mwaka mzima na programu za ratiba za TV kwenye simu: iliyobaki ni moja

Nianze na kilichonifanya nizitafute hizi programu maana bila hicho nisingejisumbua kabisa. Mama yangu anafuatilia tamthilia ya usiku, na akishaanza moja haiachi mpaka iishe, labda awe anaumwa. Sasa siku ya sehemu ya mwisho kituo kikaamua kuirusha mapema kwa dakika 45, hamna tangazo tuliloliona, sisi tumekaa tunasubiri muda wetu ule ule wa siku zote, tunawasha TV tunakuta watu wameshakumbatiana na majina ya waigizaji yanapita. Mama hakusema kitu, akanyanyuka akaenda kulala. Iliniuma sana ile. Kesho yake asubuhi nikaanza kupakua.

Mpaka leo nimeshatumia tano, kwenye simu yangu ya Android, kwenye tableti ya zamani iliyopo nyumbani, na mbili kati ya hizo mdogo wangu anazo kwenye iPhone yake. Majina siyataji kwa sababu programu hizi zinabadilika kila zikiapdetiwa na pia ubora wake unategemea chaneli unazoangalia wewe, ila ntakwambia nilichokiona na namna ya kuzipima mwenyewe kabla hujaziamini.

Kwangu mimi kipimo ni kikumbusho. Mapicha, rangi, nyota za vipindi, hivyo vyote ni nyongeza. Programu ikisema itakukumbusha dakika 5 kabla na ikakukumbusha dakika 20 baada, haina kazi, ifute.

Na hapo ndipo ya kwanza iliponiangusha. Nilimwekea mama kikumbusho cha tamthilia mpya iliyofuata, nikaiacha simu mezani, skrini imezima kama saa nzima hivi, tukawa tunapiga stori. Taarifa ikaja kipindi kimeshaanza zamani, na ilikuja pale nilipoishika simu tu kutaka kuangalia saa, yani kama vile ilikuwa inanisubiri mimi niiguse. Nikakasirika nikataka kuipa nyota moja, lakini nikasema ngoja nijue kwanza kosa ni la nani. Kumbe sehemu kubwa ni simu yenyewe. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu ikikaa muda mrefu bila kuguswa na haipo kwenye chaji inaingia usingizini ili kutunza betri, kazi za programu zinakusanywa zifanyike kwa mkupuo baadae. Alafu kuanzia Android 12 ya 2021 kukawa na ruhusa ya peke yake ya kengele zinazolia kwa dakika kamili, na Android 13 ya 2022 ikaongeza kwamba programu lazima ikuombe kwanza kabla ya kukutumia taarifa yoyote. Mtu unakuwa na haraka unabonyeza "usiruhusu" alafu unalalamika haikumbushi. Juu ya hayo kuna watengenezaji wa simu wanaoongeza vizuizi vyao vya betri, simu inaifunga programu kabisa ukishaitoa kwenye skrini.

Kwa hiyo kama unatumia Android fanya hivi kabla ya yote: ingia setingi za ile programu, ruhusu taarifa, ruhusu kengele na vikumbusho, kisha kwenye betri iondolee kizuizi. Mimi baada ya hapo mbili kati ya tano zikakaa sawa, zinalia dakika ile ile. Ile ya kwanza ikaendelea kuchelewa, nikaja kugundua kwanini. Yenyewe kikumbusho hakikai kwenye simu, kinatumwa kutoka kwenye seva yao, kwa hiyo bando likiisha au mtandao ukisumbua hupati kitu. Kuijua ni rahisi, weka kikumbusho cha kipindi kinachoanza baada ya robo saa alafu zima data na wayafai, subiri. Ikilia bila intaneti, hiyo imetengenezwa na mtu anayeangalia TV kweli. Isipolia basi ujue kila siku unategemea mtandao wako uwe umeamka.

Kwa upande wa iPhone mdogo wangu hakuwa na shida ya kuchelewa hata siku moja, ila alikuwa na yake. Yeye ni mpira tu, alikaa siku moja akaweka vikumbusho vya mechi zote za timu yake pamoja na za ligi zingine mbili, msimu mzima. Mechi za mwanzo zikaja vizuri, baadae kimya. Kule iPhone programu moja inaruhusiwa kuwa na taarifa 64 tu zinazosubiri ndani ya simu, mfumo unabaki na zile 64 za karibu zaidi na zingine unazitupa. Programu iliyoandikwa vizuri kila ukiifungua inajaza tena nafasi zilizobaki, kwa hiyo yeye sasa anaifungua kila Jumatatu na hajakosa tena mechi. Lakini jamani, si wangemwandikia tu hapo kwenye skrini kwamba vingine havitalia? Mtu anaamini vyote vimewekwa, anaendelea na maisha yake.

Sasa nije kwenye saa, na hapa nina uchungu kweli.

Marekani wanasogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya wanasogeza Jumapili ya mwisho ya mwezi huo huo, nchi nyingine nyingi hazisogezi kabisa. Ile programu ya pili, ambayo kwa mambo mengine ilikuwa nzuri, ilipofika Machi chaneli zake zote za nje zikawa zimepishana saa nzima na ukweli. Nilikaa kusubiri mechi, nawasha nakuta ni mapumziko. Nikadhani kituo kimebadilisha, wiki iliyofuata tena vile vile. Wakati kwenye mawimbi ya TV za kidijitali za mfumo wa DVB muda wa kila kipindi unatumwa kwa saa ya dunia, UTC, na king'amuzi ndicho kinachogeuza kuwa saa ya hapo ulipo, ndio maana ratiba ya king'amuzi siku ile ile ilikuwa sahihi na ya simu imekosea. Yani mtu aliyetengeneza programu alichukua saa ya Uingereza akajumlisha masaa kadhaa kwa mkono akaona imetosha. Ukitaka kuipima usisubiri Machi, ingia setingi za simu badilisha ukanda wa saa kwa muda mfupi tu, rudi kwenye ratiba uone kama saa za vipindi zimehama zote pamoja. Zisipohama, kaa mbali nayo.

Na kuna hili la saa kwa Kiswahili. Programu ya tatu ina Kiswahili, nikafurahi nikambadilishia mama lugha. Nikakuta kipindi cha 21:00 kimeandikwa "saa 9 usiku". Saa tisa usiku! Yeyote anayesema Kiswahili anajua saa tisa usiku watu wamelala fofofo, 21:00 ni saa tatu usiku. Waliotafsiri walibadilisha neno wakaacha namba. Mama angeisoma ile angeacha kuangalia kabisa akidhani wameihamishia alfajiri. Nimewaandikia, nimewaeleza kwamba ama waandike saa tatu usiku ama waache 21:00 peke yake bila neno "saa", yote mawili tunaelewa, ila hicho walichoandika ni habari ya uongo. Wakati ule nilimwekea mtindo wa masaa 24 na lugha nikairudisha ya mwanzo, ambayo kwa kweli inanisikitisha maana ilikuwa nafasi ya yeye kusoma kila kitu kwa lugha yake.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui na kinaleta ugomvi usio na sababu ndani ya nyumba: ratiba ya king'amuzi na ratiba ya simu hazitoki sehemu moja. Ya king'amuzi inakuja pamoja na mawimbi ya chaneli, haihitaji intaneti, na ile sehemu ya "sasa" na "kinachofuata" kituo kinaweza kuibadilisha muda wowote. Ya simu inatoka kwa kampuni zinazokusanya ratiba kutoka kwa vituo, zinazipanga, zinaziuzia programu, na simu yako inazichukua labda mara moja au mbili kwa siku. Kwa hiyo kituo kikibadilisha kitu saa moja kabla, simu inaweza isijue. Ndio maana mimi nikiona zimetofautiana kwa kipindi kinachoanza muda si mrefu naamini king'amuzi, ila kwa vya kesho na wiki ijayo naamini simu maana vituo vingi kwenye mawimbi vinaweka maelezo ya kivivu sana.

Mpira ndio unavuruga zaidi. Dakika 90, mapumziko 15, dakika za kufidia, ratiba imewekewa masaa mawili basi. Ikiwa ni mtoano ikaenda kwenye nusu saa ya nyongeza na matuta, vipindi vyote vya usiku ule vinasukumwa na programu inaendelea kukwambia tamthilia imeshaanza. Programu ninayoitumia sasa, ile ya tano, ina kitu kizuri, kipindi kinachofuata baada ya matangazo ya moja kwa moja inakiwekea alama kwamba muda unaweza kusogea. Alama ndogo tu pembeni. Nimeipenda kwa ajili ya hiyo alama kuliko kitu kingine chochote, maana inakueleza ukweli kwamba haina uhakika na wewe unajipanga. Na kama unarikodi kupitia king'amuzi chako ongeza saa nzima mwishoni kila mara kwenye mtoano, mdogo wangu rekodi yake moja ilikatika mpigaji wa tatu anaweka mpira chini.

Kuhusu muonekano sina mengi. Lile jedwali la chaneli pembeni na masaa juu ni zuri kwenye tableti ukiilaza, unaona usiku mzima kwa jicho moja. Kwenye simu ni mateso, taarifa ya habari ya dakika tano inakuwa kamstari kenye herufi mbili huwezi hata kukabonyeza. Tafuta yenye orodha ya kawaida, chaneli, kipindi cha sasa na kile kinachofuata, unaskroli chini. Na siku ya kwanza tumia muda wako kuchagua chaneli unazoangalia tu, ficha zingine zote, maana zinakuja mamia na nusu hata huzipati. Mimi nimebakisha 18 na hata hizo naona nyingi.

Picha zinakula bando. Zima picha kama kuna uwezekano, au iambie ichukue ratiba ukiwa kwenye wayafai tu. Ratiba ya maandishi matupu ya wiki nzima ni nyepesi sana, ni zile picha za mabango ndio nzito. Programu ya nne niliifuta kwa sababu ya matangazo, tangazo linajitokeza katikati ya orodha sekunde ile unayotaka kubonyeza, unajikuta umepelekwa kupakua gemu. Pia iliomba kuona namba za watu kwenye simu yangu. Ratiba ya TV inataka namba za watu za nini? Eneo nilipo naelewa, inataka kujua chaneli za huku, ingawa hata hilo unaweza kuliandika mwenyewe bila kuwasha lokesheni. Namba za watu hapana, nilifuta papo hapo.

Utafutaji nao uangalie. Andika jina la mwigizaji, siyo la kipindi, uone kama inaleta kitu. Iliyobaki kwangu inaleta, na inaonyesha pia kama sehemu ni mpya au marudio, pale kituo kilipotuma namba ya sehemu. Kisipotuma unakuta tu "kipindi cha burudani" na hapo programu haina kosa, kosa ni la kituo. Ukiwa unatoa nyota tofautisha hayo mawili tafadhali, nimesoma maoni mengi watu wanaiadhibu programu kwa uvivu wa kituo.

Hii iliyobaki nimeipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeishikilia kwa sababu haina Kiswahili kabisa.

Mama sasa anayo kwenye simu yake mwenyewe, maandishi nimemkuzia, chaneli sita tu, kikumbusho dakika 10 kabla kwa mlio tofauti na wa simu ikiita. Juzi tamthilia ilisogezwa tena mapema, nusu saa. Kikumbusho kikajirekebisha chenyewe baada ya ratiba kuapdetiwa mchana, mimi niko chumbani hata sijui, nasikia mama ananiita, "Mwanangu njoo, leo wanaanza saa mbili na nusu."