Digitalarkivet: kumtafuta babu Mnorwe ukiwa Mwanza

Kama ukoo wenu una babu aliyetoka Norwe, au mna wakwe Minnesota, Marekani, wanaomtafuta wa kwao, anzieni Digitalarkivet, tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Norwe. Ni bure na ina kurasa za Kiingereza. Zipo kampuni za nasaba zinazotoza dola kwa kumbukumbu nyingi hizihizi, kwa hiyo kadi ya benki ibaki mfukoni kwanza.

Wengi hukwama kwenye jina. Hapo Mtanzania ana nafuu. Kabla ya sheria ya majina ya 1923, Wanorwe wengi wa vijijini walibeba jina la baba: Lars Olsen akizaa, mwanawe ni Anders Larsen, bintiye Kari Larsdatter. Anayeitwa Neema Joseph Masanja hahitaji somo hilo. Kinachovuruga ni jina la shamba walikoishi, ambalo nalo walilibeba, mfano Haugen au Bakke, kwa sababu familia ikihamia shamba jingine, jina nalo hubadilika. Wakifika Marekani, ndugu wa tumbo moja waliweza kuachana majina, huyu Larsen, yule Haugen. Ukitafuta “Haugen” peke yake utaletewa umati wasiojuana.

Tafuta kwa jina la kwanza, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa na usharika. Usharika ndio ufunguo, na mara nyingi unapatikana upande wa Marekani, kwenye vitabu vya makanisa ya Kilutheri ya wahamiaji. Sensa ya Marekani ya 1900 nayo inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na mwaka wa kuingia nchini. Herufi ø na å kwenye simu hupatikana ukikandamiza o au a. Kwenye kompyuta za steshenari weka nyota: Bj*rn. Nyota inasaidia pia tahajia zinazoyumba, Ol* ikulete Ole na Olaf.

Sensa za Norwe hufungwa miaka 100, hivyo mpya kabisa iliyo wazi ni ya 1920. Ya 1910 ndiyo tamu, ina tarehe kamili ya kuzaliwa. Ya 1865 ina mtego: umri ni wa mwaka unaoendelea, kwa hiyo aliyeandikwa 20 alikuwa bado ana 19.

Kwa aliyevuka bahari kuanzia 1867 kuna daftari za polisi za wahamiaji, kama zile za Kristiania, yaani Oslo ya leo: jina, umri, alikotoka, anakokwenda. Waliotangulia, tangu meli Restauration ilipong'oa nanga Stavanger mwaka 1825, hawamo humo. Hao watafute kwenye orodha ya waliohama ndani ya kitabu cha usharika.

Vitabu hivyo vina ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi, na ndipo udhaifu wa tovuti unapoonekana. Vingi ni picha tu, hazijanakiliwa. Utafutaji ukirudi mtupu haimaanishi mtu hayupo. Nenda sehemu ya vyanzo, chagua usharika, tukio na miaka, kisha pekua ukurasa kwa ukurasa. Mwandiko wa kale wa Kigothi unachosha macho. Ukurasa ukiwa na doa, tafuta nakala ya pili iliyoandikwa na mhudumu wa kanisa, wakati mwingine inasomeka vizuri zaidi. Kwenye safu ya ubatizo usichanganye siku ya kuzaliwa na siku ya kubatizwa, na soma majina ya wasimamizi, kwani mara nyingi ni shangazi na wajomba.

Picha hizo zinakula bando. Fanya utafutaji wa maandishi kwenye simu, picha zipakue steshenari, na nakili kiungo cha kudumu cha kila ukurasa. Bila hicho, kuurudia ni kazi upya.

Utakapokwama kweli ni kwenye vitabu vya historia ya mashamba ya kila wilaya. Maktaba ya Taifa ya Norwe imeviweka mtandaoni, lakini vyenye hakimiliki kwa kawaida hufunguka kwa aliye Norwe tu. Mwombe mtu aliye kule akufungulie, na umpe jina la shamba na usharika, si la ukoo peke yake.