Kisu cha dola 430: miezi 8 jikoni kwangu

Kisu kipya hakuna kisichokata, ndiyo maana nimengoja miezi 8 kabla ya kuandika.

Napika shughuli hapa Dar es Salaam: harusi, maulidi, arobaini. Pilau ya watu 300 inakula vitunguu kilo 25 hivi, na hapo kachumbari bado. Nilikuwa na visu vya stenlesi vya dukani na kimoja cha marehemu bibi, kilichofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya lori. Cha bibi kinakata kuliko vyote, ila ukikikatia ndimu ukakisahau kidogo tu kinageuka rangi, na embe bichi linatoka na weusi na ladha ya chuma. Kwa hewa hii ya chumvi, usipokipaka mafuta usiku, asubuhi unakuta kutu. Vya dukani havishiki kutu, lakini makali nayo havishiki: gunia halijafika nusu, tayari vinaponda nyanya badala ya kuzikata.

Shemeji yangu anayeishi Minnesota ndiye aliyenitajia visu vya chuma kiitwacho MagnaCut. Kule kuna mafundi wanaotengeneza visu kimoja kimoja, wengine kwenye gereji za nyumbani kwao. Tukaagiza kwa mmoja wao. Dola 430, na kusubiri miezi 5. Mume wangu nilimwambia nusu ya bei. Akisoma hapa basi tena. Shemeji alipokuja likizo alikileta kwenye begi kubwa, maana kisu hakipandi na begi la mkononi.

Ubapa una urefu wa milimita 210, uzito gramu 168, na nyuma ya makali ni mwembamba hadi ukiukinga kwenye mwanga unashangaa. Mpini ni wa mpingo. Hapo nilicheka. Mti wa kwetu, unaovunwa huko Kilwa na Lindi, unapelekwa ng'ambo kuwa zumari na vipini, halafu mimi naulipia dola urudi Temeke.

Niseme jambo moja kwa wanaosikia "kimetengenezwa kwa mkono" wakaona nyundo na fuawe. Hapa nyundo haikuhusika. Fundi alianza na bamba la chuma, akakata umbo, akalitia kwenye tanuri la umeme lenye joto linalopita nyuzi 1,000 za Sentigredi, akalipoza kwa kulibana kati ya mabamba mawili ya alumini, kisha akalizamisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali mno, kabla ya kulirudisha kwenye moto mdogo. Kazi ya mkono yenyewe ni kusaga: saa nyingi kwenye mashine ya mkanda, akikipoza kisu kwenye maji kila mara ili makali yasiungue. Kadi aliyoiambatanisha imeandikwa ugumu wa 63 kwa Rockwell, kipimo cha ugumu wa chuma. Visu vingi vya bei rahisi huwa 54 hadi 56.

MagnaCut si kampuni, ni jina la chuma chenyewe. Kilibuniwa na Mmarekani Larrin Thomas, mtaalamu wa metali, kikaingia sokoni mwaka 2021. Baba yake, Devin Thomas, ni fundi anayesifika kwa vyuma vya Damascus, vile vya tabaka vyenye michirizi, kwa hiyo mtoto amekulia kwenye cheche. Ujanja wa chuma hiki uko kwenye kromiamu, ambayo ndiyo inayoufunika uso wa stenlesi kwa utando mwembamba unaozuia kutu. Tatizo ni kwamba kromiamu hupenda kaboni. Zikikamatana zinakuwa vipunje vigumu, na ile iliyokamatwa hailindi tena. Chuma kinachoitwa D2 kina kromiamu kama asilimia 12 na bado kinashika kutu kwa sababu hiyo. MagnaCut ina asilimia 10.7 tu, ila karibu yote iko huru, kwani vipunje vyake vigumu ni vya metali nyingine, vanadiamu na niobiamu. Tena hutengenezwa kwa unga: chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi kikawa chembe, kisha chembe hizo hushindiliwa kwenye joto kuwa bonge moja. Vipunje vinabaki vidogo sana, na makali yanaweza kuwa membamba bila kumeguka ovyo.

Haya yote niliyaona ya kitabuni mpaka usiku wa harusi moja Kigamboni. Tulimaliza kukata ndimu saa 7 usiku, watu wamechoka, kisu kikaachwa ndani ya beseni lenye maganda na maji ya ndimu. Nimekikuta asubuhi. Nikakisuuza, nikakifuta, nikakitazama juani pande zote mbili. Hakuna doa. Cha bibi kingekuwa cheusi.

Makali nayo: vitunguu, karoti, hoho na nyama ya steki, shughuli mbili kwa wiki, na wiki ya nne ndipo nyanya laini ilipoanza kuteleza chini yake. Cha dukani nilikuwa nakinoa kila shughuli. Halafu kuna kitu sikukitegemea: machozi yamepungua. Kitunguu kikikatwa bila kupondwa hakimwagi maji mengi, na jikoni wameanza kugombea zamu ya vitunguu, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Sasa mabaya. Viazi vinang'ang'ania ubapani. Kila ukikata kipande, kingine kinapanda nacho. Mpini umesuguliwa ukang'aa kama kioo, na mkono ukishakuwa na mafuta ya nyama unateleza, nikaishia kuushika kwa kitambaa. Pembe ya mgongo karibu na kidole cha shahada ni kali; siku ya kwanza nilipata lengelenge. Kwa bei ile fundi angeweza kupitisha msasa dakika tano zaidi.

Na kuna siku ya kuku. Kijana wangu wa jikoni, si kwa ubaya, alimtoa kuku kwenye friza akiwa bado jiwe, akaona kisu kikali kiko karibu. Mlio niliusikia nikiwa nje. Makali yakameguka pengo dogo, kama nusu ya punje ya mchele. Chuma kigumu na chembamba hakisamehe mfupa wala barafu, na nazi usiisogeze hata karibu. Kwa hayo tuna panga.

Kurekebisha ndiko kulikonifundisha. Kwanza nilikwangua kwenye kinoo changu cha kawaida, nusu saa, pengo linanitazama tu. Vipunje vya vanadiamu ni vigumu kuliko mchanga wa kinoo kile, kwa hiyo kinanoa, lakini polepole mno. Ikabidi niagize bamba la almasi, gharama nyingine sikuipangia, na jioni mbili pengo likaisha. Kumpa fundi wa baiskeli anayepita mtaani sikuthubutu. Namheshimu, visu vyangu vingine vyote anavinoa yeye, lakini jiwe lake linarusha cheche kavu bila maji, na makali membamba hivi yakipata moto ule ugumu unaondoka. Alipokiona alikishika, akakigonga kwa kucha, akauliza bei. Nikamtajia ileile niliyomtajia mume wangu.

Kama kazi yako ni kukata mboga na nyama isiyo mifupa kila siku, na uko tayari kununua bamba la almasi pamoja nacho, nunua. Kwa nyumba ya watu watano, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Fundi nilimwandikia kuhusu mpini na ile pembe. Akajibu siku ya pili kwamba pembe ni kosa lake, na kwamba kijacho ataacha mpini bila kuung'arisha. Nimeshaweka jina kwenye foleni yake, kidogo cha milimita 150, cha kuchambulia nyama. Kijana wa jikoni naye nimemnunulia shoka.